Sifa za Bahasha ya Kaki

Pasipoti ina bahati yake. Watu huilaza juu ya meza ya uwanja wa ndege, kando ya kikombe cha kahawa, wakaipiga picha na kuiweka stetasi. Sijaona hata siku moja mtu akiipiga picha bahasha ya kaki iliyomfikisha hapo, ile yenye kopi za vyeti, risiti, kiapo cha wakili na picha ndogo za mtu aliyekatazwa kucheka. Bahasha hutumika, hukunjwa, hutupwa uvunguni, na hakuna anayeitungia hata ubeti mmoja. Basi mimi leo naisifu, na pamoja nayo naisifu kazi nzima ya kuijaza. Mtu ambaye pasipoti yake inakaribia kuisha muda huambiwa pole. Nashauri apewe hongera.

Nianze na nasaba, maana mwungwana hasifiwi bila kutajwa wazee wake. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Mfalme Artashasta wa Uajemi, mtu wa kumshikia mfalme kikombe cha divai, lakini alipotaka kwenda Yerusalemu hakusema “mimi nafahamika.” Aliomba barua za kuwapa maliwali wa ng’ambo ya Mto wampitishe. Akaomba na nyingine ya kumpelekea Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya kujengea. Huyo alikuwa mzoefu wa madirisha: ukishafika mbele, omba vyote kwa pamoja, usije ukarudishwa nyuma ya foleni.

Mzee wa pili ni Ibn Battuta. Mwaka 1326 alipita Qatya, kwenye njia ya jangwani kati ya Misri na Sham, akakuta kwamba hakuna anayevuka kwenda upande wowote bila hati. Usiku mchanga wa njiani ulisawazishwa ukawa laini kabisa, na asubuhi amiri akaja kuukagua. Akiona unyayo, watu wanatumwa kumfuata mwenye unyayo huo mpaka akamatwe. Ukiona leo mashine ya alama za vidole inakukataa kidole gumba kwa sababu ya kovu la kisu cha nazi, usifikiri jambo hili ni geni. Wenzetu walianza na miguu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, msafiri huyohuyo alifika Mombasa na Kilwa. Alieleza misikiti, alieleza ukarimu wa sultani wa Kilwa, wala hakutaja kuombwa karatasi yoyote. Sisi watu wa pwani tulichelewa sana kustaarabika.

Tulikuja kusaidiwa. Mwaka 1920 wajumbe wa mataifa walikutana Paris, chini ya Shirikisho la Mataifa, wakakubaliana sura moja ya pasipoti: kitabu cha kurasa 32. Baadhi yao walitumaini kwamba hali ikitengemaa usumbufu huu utaondolewa. Mungu akatuepusha na balaa hilo. Mambo yakaendelea kukua, na tarehe 31 Januari 2018 Rais Magufuli akazindua Dar es Salaam pasipoti ya kielektroniki, inayodumu miaka kumi. Kwa kuwa nchi nyingi hazimtaki mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita, wale waliowahi kuichukua mwanzoni kabisa wataanza kuionja neema hii ninayoisifu kuanzia mwaka 2027. Wajiandae. Mimi niliionja wakati wa kuhama kutoka vitabu vya zamani, na hadi leo ninatembea na mgongo ulionyooka.

Orodha yenyewe haitishi kuisoma: namba ya Kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake, picha yenye bluu bahari kwa nyuma, pasipoti ya zamani, ushahidi wa safari. Mtu huisoma akiwa amejilaza kwenye kochi, akasema, “Hivi vyote ninavyo.” Hapo ndipo utukufu unapoanzia.

Tazama hicho cheti cha mzazi. Serikali inamuuliza mtu habari za baba yake, jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya tangu tulipopata mshahara wa kwanza. Baba yangu alikwisha tangulia mbele ya haki bila kuacha cheti, kwa hiyo ilibidi nipige simu kwa shangazi, Lindi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Leo umenikumbuka! Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, shangazi. Natafuta mwaka aliozaliwa baba.”

“Mwaka? Baba yako alizaliwa wakati wa vita vya Hitla, mihogo ikiwa bado shambani. Mimi nilikuwa natambaa.”

“Sasa shangazi, kama ulikuwa unatambaa, hiyo mihogo uliionaje?”

“Ndiyo maana siku hizi shangazi zenu hawawatafutii wake. Maneno mengi.”

Mwaka nilikuja kuupata, lakini mwishoni kabisa, baada ya kupata kwanza binamu wawili wa Masasi nisiowajua, sababu iliyomfanya babu ahame kijiji usiku, na taarifa kwamba mahari ya bibi haijamalizika kulipwa hadi leo. Hakuna mwanahistoria aliyewahi kuuchimba ukoo wetu kwa kina namna hiyo, na shangazi wala hakulipwa posho. Vita vya Hitla vikageuzwa kuwa tarehe 1 Julai 1942. Ukiwaamini makarani, wazee wa ukoo wetu karibu wote walizaliwa tarehe 1 Julai, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kukatiwa keki. Na kwa kuwa usajili wake ulifanyika akiwa kaburini, cheti cha baba kimetolewa miongo kadhaa baada ya cha mwanawe. Kwa mujibu wa mihuri, mimi nina haki ya kuamkiwa na marehemu.

Lakini fadhila kubwa zaidi iko kwenye majina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema baba ni Selemani, kwa sababu karani wa hospitali aliandika alichosikia kutoka kwa mama aliyekuwa hoi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Seleman, kwani i ya mwisho haikutosha kwenye nafasi. Aliyejaza fomu ya kitambulisho alikuwa amesoma chuo cha Kurani, akaona aibu, akamrudishia mzee heshima yake: Suleiman. Pasipoti ya zamani ilishika njia ya kati, Sulemani. Wakati wote huo, marehemu mwenyewe akiitwa barazani kwa jina lolote kati ya hayo aliitika bila wasiwasi. Ofisini, hao ni wazee wanne tofauti, na mimi mtoto wao natakiwa nithibitishe kwamba mama yangu hakuwa na mambo mengi.

Dawa yake ni kiapo. Wakili niliyemwendea alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mabati, na kila lori likishusha mzigo chini, diploma zake ukutani zilitikisika. Alichapa bila kuniangalia.

“Dini?”

“Ya nini tena, mheshimiwa?”

“Ya kuapia.”

Akaandika: mimi fulani, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Dar es Salaam, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Kisha majina yote yakapangwa mstari mmoja na kutangazwa kuwa ya mtu mmoja yuleyule, kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu. Nilisaini. Wakili akaufungua muhuri, akaupulizia pumzi ya moto kama anayefuta miwani, akaugandamiza kwa kiganja chote, akauinua polepole na kutazama kama duara limetoka kamili. Halikutoka kamili, akagonga tena kando. Nawaambia ukweli: nimehudhuria mahafali, nimefunga ndoa, nimeshika mtoto wangu wa kwanza mikononi, lakini sijawahi kuwa na uhakika wa kuwa mimi ni mimi kama nilivyokuwa nao nikishuka ngazi zile wino haujakauka. Wanafalsafa wamehangaika na swali hilo tangu kale, na huku jibu lilikuwa juu ya duka la mabati, na lina risiti.

Wenye kukosa kitambulisho wana baraka ya ziada, kwani wao hupelekwa serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Mtu aliyeishi mtaani miaka mingi ndani ya geti lake, akipita kwa gari vioo vikiwa juu, sasa amekaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya mtaa, magoti yamegusana na ya jirani anayeuza mkaa. Mwenyekiti anamtazama kwa makini. “Unasema unakaa huku kwetu? Mbona msibani hatukuoni?” Na mchango wa ulinzi shirikishi je? Unalipwa palepale, na wa nyuma pia. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaye sheha, ambaye hahitaji kuuliza kwa sababu anajua tayari. Hakuna mhadhara wa ujirani mwema uliowahi kufanya nusu ya kazi hiyo.

Sitakaa sana kwenye picha. Niseme tu kwamba mpiga picha mzuri wa pasipoti ni yule anayekutoa ukiwa na sura utakayokuwa nayo baada ya saa kumi na nne za ndege, ili afisa wa ng’ambo asipate taabu kukulinganisha.

Steshenari ndiyo inayostahili kukaliwa. Popote penye ofisi ya serikali, fuata waya za umeme utaikuta: mwavuli au kibanda, mashine ya kopi, kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, na binti anayejua taratibu kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Fomu ya pasipoti siku hizi hujazwa kwenye mtandao, na nia ilikuwa kila mtu ajaze kwake nyumbani kwa raha zake. Watu wakaipokea teknolojia kwa mikono miwili, wakaibeba hadi kwa binti wa steshenari. Yeye hukuuliza mambo ambayo daktari wako hajui, tena kwa sauti ya kusikika kwenye foleni: umeoa, umeachana, mama alizaliwa wapi, umewahi kunyimwa pasipoti? Namba ya kitambulisho ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo umri wako nao unasomwa hadharani, na yule dada wa nyuma uliyekuwa umeanza kuzoeana naye anasogea kidogo. Mtu hujifunza unyenyekevu. Halafu inakuja namba ya malipo: shilingi 20,000 za fomu, na 130,000 zinazofuata. Jumla 150,000, ambazo ukizigawa kwa miaka kumi ni 15,000 kwa mwaka, na ukizigawa kwa binamu wawili wa Masasi unaona kabisa kwamba umepata kwa bei nafuu.

Kuna wanaolalamikia ushahidi wa safari. Wanasema: ili nipate pasipoti nionyeshe safari, ili nipate viza nionyeshe pasipoti, na mwenyeji wangu kule hawezi kuandika mwaliko mpaka nimtumie kopi ya pasipoti ninayoiombea mwaliko. Hawa hawana jicho la uzuri. Wamepewa duara lisilo na ufa, wao wanatafuta mlango! Jirani yangu mmoja alikaa ndani ya duara hilo hadi mkutano aliokuwa ameitiwa ukafanyika, ukamalizika, na maazimio yakatoka. Aliyasoma kwa utulivu, hakuchoka na ndege, na hakugombana na mhasibu kuhusu per diem kwa sababu haikuwepo. Wenzake waliosafiri walirudi na mafua.

Tena bahasha hii inamfundisha mtu kutunza vitu. Kabla yake, cheti changu cha kuzaliwa kiliishi ndani ya Biblia ya mpangaji wa zamani, pamoja na kadi ya kliniki na risiti ya friji. Sasa kina mfuko wake wa plastiki, hakikunjwi, na nyumba ikishika moto watoto wanajua wabebe nini, halafu warudi kunichukua mimi. Kila nikiitoa, naitoa yote: asili huku, kopi kule, kopi zilizogongwa muhuri katikati. Na kila nikiifikisha dirishani, sehemu isiyotajwa hapa jina, hupatikana karatasi moja iliyokosekana, safari hii kopi ya pande mbili ambayo mimi niliitoa upande mmoja. Wengine hapo hununa. Mimi hushukuru, kwa sababu binti wa steshenari naye ana ada za watoto.

Nina ombi moja tu kwa wanaohusika. Orodha inaishia kwa mzazi, na hapo naona tumeonewa. Iongezwe cheti cha kuzaliwa cha babu na cha bibi, na ikiwezekana cha aliyewaozesha. Kwetu kuna ugomvi wa muda mrefu kama bibi mzaa baba alizaliwa Kilwa Kivinje au upande wa pili wa mto. Wajomba hawasalimiani kwa ajili yake, vikao vitatu vya ukoo vimevunjika, na imamu amejitoa. Hakuna mwenye uwezo wa kuumaliza isipokuwa afisa aliye nyuma ya kioo, akisema kwamba bila karatasi hiyo faili haliendi. Shangazi bado yupo, kumbukumbu anazo, na vocha nitamtumia mimi.