Mzee wa Omena Anatafutwa

Kwenye simu ya kijana mmoja wa bodaboda hapa Karagita, mimi ni Mzee wa Omena. Habari hizo nililetewa na mwanamke mmoja mkali aliyenipigia nikiwa kando ya barabara ya Moi South Lake, mabasi ya mashamba ya maua yakishusha watu wa zamu.

"Naongea na Mzee wa Omena?"

"Hapana, mama."

"Mwambie mtu wako alipe kabla ya saa sita. Wewe ndiye mdhamini wake."

Mtu wangu ni nani? Ilibidi nifikiri mpaka basi la tatu likapita. Kumbe ni kijana aliyewahi kuniletea mfuko wa omena kutoka Naivasha mjini, akaandika namba yangu ili nimfungulie lango. Sura yake siikumbuki, kulikuwa na giza. Lakini kwa kampuni iliyomkopesha, sisi ni damu moja.

Ukoo huu hutengenezwa hivi. Unapakua programu ya mikopo, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, nawe una haraka ya petroli, unabonyeza "Kubali". Pesa inaingia kabla hujafunga helmeti. Umeomba elfu moja, unapokea mia nane na ushee kwa kuwa ada imeshakatwa, na baada ya siku saba unadaiwa elfu nzima. Tangu 2019 Google imekataza kwenye duka lake programu za mikopo inayodaiwa yote ndani ya siku 60. Ndiyo maana huko nje utasoma siku 91, kwa maandishi ya kupendeza. Zile saba utakutana nazo ukishaingia ndani.

Sheria hatujakosa. Ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kumtukana mdaiwa au kuwasumbua watu waliomo kwenye simu yake. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa mchezo huohuo. Yote hayo nilimweleza yule mama, kwa sauti ya wakili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, ukali ulikuwa umemtoka kabisa.

"Mzee, kumbe unaelewa mambo! Mbona hujapakua programu yetu? Nakuona hapa umehitimu elfu mbili."

Sina ugomvi na kukopa. Karagita bila daftari la dukani ingelala njaa kuanzia tarehe kumi na tano. Ila mama mboga akitaka chake huja mwenyewe mlangoni, mtoto mgongoni, anakusalimia na kuuliza hali ya kila mtu nyumbani mpaka aibu ikupeleke mfukoni. Hajawahi kumpigia mwalimu aliyekufundisha darasa la nne.

Kinachoniudhi ni kwamba biashara hizi kuziingia ni kubonyeza mara moja, na kutoka ni kazi ya ukoo mzima. Shangazi yangu ana simu ya kabambe, haina intaneti, akadhani ameepuka hayo yote. Kila asubuhi anapokea ujumbe wa nyota yake na kila asubuhi salio lake linapungua. Alijiunga vipi? Alikuwa akitafuta tochi. Kujitoa sasa: bonyeza nyota, tarakimu, nyota tena, tarakimu, reli, halafu inakuja orodha ya Kiingereza, herufi kama mchanga, ambayo hufutika kabla hajapata miwani. Nikamshauri apige simu kwa wahudumu. Mashine ikamwambia abonyeze hiki, abonyeze kile, kisha ikamwekea muziki asubiri. Jioni nilimkuta amewasha spika, anachambua mboga, anatikisa bega.

"Shangazi, wamekusaidia?"

"Bado, mwanangu, lakini bendi yao ni nzuri."

Halafu kuna milango ambayo hata kuiingia ni kazi. Jirani yangu ni fundi cherehani, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu. Alikuwa na shida ya karatasi fulani kwenye ofisi moja mjini, ghorofa ya pili, lifti hakuna. Mlinzi, kijana mwenye moyo safi, akajitolea kumbeba. Fundi akamtazama kuanzia buti hadi kofia, akamuuliza kama akimfikisha juu atamngoja ama atamwacha huko na wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataja haki ya kufika kila mahali. Ngazi za ofisi ile hazijapata nakala. Afisa alishuka hatimaye, akiwa amesahau kalamu, akapanda tena.

Huku kwetu Karagita, nyumba ya kuchezea kamari imejengewa mteremko wa saruji laini, mpana, wenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Mtoto anapanda, ajuza anapanda, mlevi anateremka bila kuumia. Sijaona mteremko mwingine wa aina hiyo mpaka ufike mjini. Nilipomwonyesha fundi nikitegemea atakasirika nami, alikuwa ameshauona zamani. Alikuwa ameshaongea hata na mwenye jengo, akakubaliwa kuweka cherehani yake barazani, kwenye kivuli, pale juu mteremko unapoishia.

Wateja ni walewale wanaotoka ndani. Nilimuuliza wanaleta kazi gani. Akasema, kwa sehemu kubwa, ni kupunguza viuno vya suruali.