Kikohozi na Waganga Wake Wengi

Kikohozi ni kinga ya mwili wala si ugonjwa kwa nafsi yake, ingawa mtu aliyeketi safu za mbele kwenye mazishi, koo likaanza kumwasha wakati wasifu wa marehemu ukisomwa, ana haki ya kuutilia shaka ukweli huo. Ndani ya zoloto, yaani sehemu ya juu ya njia ya hewa palipo na nyuzi za sauti, na kuendelea hadi kwenye matawi makubwa ya mapafu, mna ncha za neva ambazo kazi yake ni kugundua moshi, vumbi, kamasi au punje ya wali iliyopotea njia. Habari hizo hupelekwa na neva iitwayo vagasi hadi kwenye shina la ubongo. Kisha mhusika huvuta pumzi, nyuzi za sauti hujifunga, misuli ya kifua na tumbo hukaza, na mlango ukifunguka ghafla hewa hutoka kwa kishindo. Adabu hukaa sehemu nyingine ya ubongo, na uwezo wake ni wa kuahirisha tu, ndiyo maana anayejibana kwa leso hadi machozi yakamtoka huishia kukohoa kwa nguvu zaidi, tena mara nyingi pale waombolezaji wanapoombwa kukaa kimya kwa dakika moja. Vagasi hiyo hiyo ina tawi linalofika sikioni, na kwa sababu hiyo wapo watu ambao wakijichokoa sikio kwa unyoya wa kuku hushikwa na kikohozi, jambo ambalo watu wa nyumbani hulichukulia kuwa ni vituko.

Kukohoa kwa hiari nako kuna matumizi yake katika jamii, na yanayostahili heshima kubwa ni yale ya choo cha nje kisicho na komeo, ambamo aliye ndani akisikia kandambili zikikaribia hukohoa mara moja, na anayekuja hugeuka bila neno kusemwa. Wapo pia wanaokohoa uani badala ya kupiga hodi. Mfumo huu haushindwi kazi isipokuwa wakati wa mafua, kwa kuwa mgonjwa anayepita zake nyuma ya ua, asiye na haja na mtu, hujikuta akiitikiwa "Karibu!" na mwenye nyumba, na hapo hana budi kuingia na kusalimia, na pengine kunywa chai ambayo hakuitarajia.

Waganga humpata mgonjwa hapo. Mmoja humpa tangawizi na limau, mwingine humwambia atafune karafuu, na wa tatu huleta nusu chupa ya dawa iliyobaki tangu mtoto wake alipougua. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba watu hutarajia kikohozi cha mafua kiishe kwa takriban siku 7 hadi 9, ilhali kwa wastani huchukua karibu siku 18. Katika pengo hilo ndimo sifa za dawa nyingi zinamopatikana, kwani iliyonywewa mwisho, wakati kikohozi kinajiondokea chenyewe, ndiyo itakayosifiwa mtaa mzima. Hata kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza mwaka 1898 kuuza heroini kama dawa ya kikohozi, na yamkini wanywaji wake hawakulalamika.

Asali ina ushahidi wa kutosha kwamba hupunguza kikohozi cha usiku kwa watoto, ila haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kubeba mbegu za bakteria zinazosababisha botulizimu, yaani ugonjwa utokanao na sumu inayolegeza misuli. Vinywaji vya vuguvugu hutuliza koo. Viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, havivigusi virusi vya mafua. Na kujifukiza chini ya blanketi kando ya sufuria inayochemka kumewaunguza watu, hasa watoto, ambao awali walikuwa na mafua tu. Kunywa kwa pamoja dawa ya kulegeza makohozi na dawa ya kuzuia kukohoa ni sawa na kumwamuru mpangaji ahame huku umemfungia mlango. Anayetumia enalapril au captopril kwa ajili ya shinikizo la damu, naye akawa na kikohozi kikavu kisichokwisha, amweleze daktari wake, maana hapo tangawizi inaonewa bure.

Kikohozi kinachofikisha wiki mbili hupaswa kupimwa kifua kikuu, na kwa kipimo hicho huhitajika makohozi yatokayo kifuani, si mate. Mgonjwa aliyewanyima usingizi majirani wa pande zote mbili hukabidhiwa kikopo chenye kifuniko, huelekezwa kusimama nje penye hewa, huvuta pumzi kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima kikohozi hakiji. Mhudumu, aliyekwisha kuyazoea hayo, humwambia akae na hicho kikopo na kukitumia alfajiri, kabla ya kupiga mswaki.