Ukoo Umetua Bangboka, Utaulaza Wapi?

Ndege ikishatua Bangboka, una dakika chache tu za kuwa kiongozi wa safari. Mlango unafunguliwa, joto linaingia, na ukoo unashuka ngazi mmoja mmoja: mjomba wa Kinshasa na kofia yake, shangazi wa Bunia na mabegi saba, yaya wa Brussels (yaya kwetu ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto), watoto wasiohesabika kwa kuwa hawatulii, na nyuma yao wote koko, bibi yetu, ameshikwa mkono na kijana wa uwanja. Mabegi hayajatoka bado, mjomba anauliza, "Tunalala wapi?" Ukijibu "tutaona", uongozi umekuponyoka. Kila mmoja ana simu, kila mmoja ana rafiki mjini, na kabla hamjafika kwa vijana wa pikipiki ukoo umeshagawanyika vyama vitatu.

Mimi ni mtu wa Bangboka. Kutoka hapa hadi katikati ya Kisangani ni kilomita kama 17, na njia hiyo imesikia ugomvi wa koo nyingi. Nakuandikia mwongozo huu kwa upendo, na naomba uufuate neno kwa neno.

Shemeji yangu anaishi Glasgow. Kule, anasema, familia kubwa ikitaka kuzunguka milima ya Uskochi huchagua mji mdogo mmoja, Pitlochry au Oban, ikakodi nyumba ya kuwatosha wote, ikatoka asubuhi na kurudi jioni. Pitlochry iko kwenye reli ya kwenda Inverness. Oban ina reli na feri za kuvuka visiwani. Kituo kimoja, kitanda kimoja, hakuna kufunga mabegi kila siku. Nimeupenda utaratibu huo na nimeuleta nyumbani bila aibu. Nimebadilisha jambo moja tu. Wao huanza na ramani, wakatafuta mahali penye barabara nyingi za kutokea. Wewe anza na mtu asiyeweza kutoka.

Katika kila ukoo yupo. Huenda ni koko mwenye magoti mabovu, huenda ni mama mwenye mtoto wa wiki sita, huenda ni baba anayetumia dawa kwa saa. Mnapokwenda kuona maporomoko, yeye anabaki. Basi kituo chagua kwa ajili yake. Keti mahali atakapoketi, angalia atakachokiona kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukiona ukuta, ondoka, tafuta pengine.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Mara ya kwanza tulikuwa watu 14, tukapanga Makiso, katikati ya mji kabisa, kwa sababu mjomba alisema mjini kuna kila kitu. Na kweli kilikuwepo kila kitu. Wenye miguu tulikwenda kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, tukaona miti yao mirefu imesimikwa katikati ya maji yanayochemka, na vikapu vikubwa vya kunasia samaki vimening'inia. Tulipanda toleka, baiskeli za abiria zilizobaki, watoto wakicheka hadi kwikwi. Tulikula samaki wa liboke, waliofungwa kwenye majani, karibu na mto. Koko alikaa siku nne kwenye kiti cha plastiki uani, akitazama jenereta. Siku ya tano aliniuliza kwa sauti ya upole, "Mjukuu wangu, ule mto bado upo?" Tangu siku ile sichagui tena kituo kwa neno la mjomba.

Kwa hiyo mjini lala usiku mmoja wa kufika, uone Wagenia, kisha uondoe ukoo wako. Swali ni kuelekea wapi.

Atakuwepo mtu wa kutaja Ubundu. Hoja yake itakuwa nzuri, nawe umsikilize. Kati ya Ubundu na Kisangani mto una maporomoko saba, Boyoma, yametapakaa kwenye kilomita kama 100, na mashua haiwezi kupita. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 ya kuyazunguka, ikafunguliwa mwaka 1906. Mpenda sinema ataongeza kwamba mwaka 1951 John Huston alikuja upande huo na watu wake, wakajenga kambi Biondo kando ya mto Ruiki, wakapiga picha za The African Queen na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mwambie hivi: wale walikuwa watu wazima waliolipwa, na hawakuja na koko. Reli yenyewe inaanzia ng'ambo, Lubunga, na treni haipatikani kila unapoihitaji. Na tangu Februari 2023 ng'ambo hiyo imeumizwa na vita vya ardhi kati ya Wambole na Walengola. Watu wamekufa, maelfu wamekimbia vijiji vyao. Mahali ambapo mwenyeji amelala chini ya turubai, usipeleke mgeni kutalii. Ubundu ni pazuri. Tuiombee amani, na siku watu wake watakaporudi nyumbani nitakuwa wa kwanza kukata tiketi.

Yaya wa Brussels naye atataka Epulu, aone okapi. Ana haki ya kutaka. Okapi ni mnyama wetu, hana nchi nyingine. Lakini Epulu iko Ituri, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992, ikaingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo waliivamia Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Barabara ile haijatulia. Mshike yaya mkono, mwambie ukweli wote, wala usimfiche. Atalia kidogo. Mwache alie, hao okapi wanastahili machozi.

Sasa geuka, utazame mto unakokwenda.

Yakusu ni karibu, kilomita kama 20 kuteremka mto kutoka mjini, ukingo wa kulia. Wamisheni wa Kibaptisti kutoka Uingereza walifika pale mwishoni mwa karne ya 19, na hospitali yao ilikuja kujulikana kwa kupambana na ugonjwa wa malale. Hospitali ni jambo la kwanza kuuliza unapochagua kituo, kabla ya kuuliza habari za kitanda. Pale Yakusu ndipo mmisheni John Carrington alipojifunza lugha ya ngoma za Walokele. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilieleza kwamba ngoma ya mti uliochimbwa huongea kwa kufuata sauti za juu na za chini za maneno yenyewe. Simulia hayo mkiwa ndani ya mtumbwi, watoto watanyamaza dakika tano. Kama mna siku mbili tu, bakini Yakusu. Kama mna siku tano, pitieni, msalimie, msonge mbele.

Msonge mpaka Yangambi. Hilo ndilo jibu langu, na sitakuficha kwamba nalipenda kwa moyo wote.

Yangambi iko kama kilomita 100 magharibi ya Kisangani, ukingo uleule wa kulia. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na makao yake makuu Afrika yakawa hapa, katikati ya msitu. Leo ni INERA, ya kwetu. Barabara ni pana, miti imepandwa kwa mstari, nyumba za matofali zimezeeka chini ya kivuli. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa, maelfu ya mimea iliyobandikwa kwenye karatasi na kuandikwa majina kwa wino. Msitu unaouzunguka mji ulipewa hadhi ya hifadhi ya binadamu na viumbe ya UNESCO mwaka 1976. Na tangu mwaka 2020 upo mnara wa mita 55, umechomoza juu ya miti, unapima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Yaya atapata msitu wake wa kweli, na mwenye kumweleza atakuwa Mkongomani aliyesomea kazi hiyo. Tena Isangi, pale mto Lomami unapomwagika katika mto mkubwa, iko mbele kidogo tu ng'ambo: safari ya kutwa, kwenda na kurudi, jioni mko nyumbani.

Hata ndizi imebeba jina la mahali hapa. Ipo aina iitwayo Yangambi Km 5, imara dhidi ya ule ugonjwa wa majani meusi, na wakulima wa Kagera, Tanzania, wameipanda kwenye mashamba yao ya migomba. Mwonyeshe mjomba wa Kinshasa kwamba mji mdogo asiouhesabu umelisha watu wa Ziwa Victoria. Atavua kofia.

Yapo mambo ya kuandaa, nawe usiyadharau. Nenda kwa mto mchana, kamwe usiku. Mashua za mbao zilizojazwa kupita kiasi zimemeza watu wengi mno katika nchi hii. Ukiona maji yamekaribia ukingo wa mashua, shusha ukoo wako, hata kama nauli imeshalipwa, hata kama mjomba amenuna. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na shangazi atachagua begi moja kati ya saba. Kwa mazungumzo haya tenga jioni nzima. Fedha za mfuko wa pamoja mpe huyo huyo shangazi. Mwanamke aliyeongoza likelemba (upatu wetu) miaka kumi bila franka moja kupotea anatosha kuwa waziri wa fedha wa safari. Andika mapema kuomba nyumba ya wageni, kwa kuwa vyumba si vingi. Wenye pasipoti za nje waziweke karibu, kila mahali wataulizwa. Na mwanzo wa mwaka, Januari na Februari, ndio bora, mvua ikipungua; kuisha haiishi, huu ni msitu wa ikweta.

Lugha pia. Hapa Bangboka Kiswahili chetu kinatosha, kilitufikia kutoka mashariki, na koko hajui kuomba kwa lugha nyingine. Ukiteremka mto unaingia kwenye Kilingala. Chukueni kijana mmoja wa Kisangani mwenye zote mbili, mumlipe vizuri, mumwite kwa jina lake, ale nanyi meza moja.

Chakula msibebe kutoka mjini. Nunueni sokoni: makemba (ndizi za kupika) ya kutwangia lituma, samaki wa asubuhi, sombe (majani ya muhogo), mawese. Pikeni wenyewe, kwa zamu, na wanaume wamo kwenye zamu. Ukoo uliotwanga lituma pamoja, mikono ikachoka pamoja, haugombani usiku kuhusu nani alale karibu na dirisha.

Usiku wa mwisho rudini huku kwetu. Saa za ndege hubadilika, na anayelala Bangboka hakimbizani nazo. Tafuta ndugu, au ndugu wa ndugu. Kuku hatakosekana.

Safari yetu ya pili ndiyo iliyonipa haki ya kuandika haya. Tulimweka koko chini ya mti mkubwa Yangambi, uso kwenye mto. Asubuhi ya kwanza akina mama wawili waliokwenda sokoni walisimama kumsalimu. Asubuhi ya pili walikuwa watano, na mmoja alikuja na kigoda chake. Tuliporudi kutoka Isangi tukamkuta anawapokea wageni kama mwenye mji, akajua bei ya samaki, akajua nani amejifungua. Sisi ndio tulimwomba atusimulie siku ilivyokuwa.

Siku ya tatu mtu wa utafiti alituletea ngazi, matunda ya michikichi, ya aina tatu. Alieleza kwamba hapa Yangambi, mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walilitegua fumbo la ganda: chikichi yenye ganda nene ikizaa na ile isiyo na ganda, anapatikana mtoto mwenye ganda jembamba na nyama nyingi, na huyo mtoto ndiye aliyejaza mashamba ya mawese Malaysia na Indonesia. Watoto walimsikiliza. Koko hakusema kitu. Alikamua mawese tangu akiwa msichana mpaka vidole vilipokataa. Aliomba jiwe.

Akaweka kokwa ya kwanza kwenye kigoda cha jirani, akaipasua kwa pigo moja, akaigusa kwa ulimi. "Hii ya shamba la baba yangu." Akapasua nyingine, ganda likavunjika kama la yai. "Hii ya kampuni." Ya tatu haikuwa na ganda la kuvunja, akaigeuzageuza kiganjani, akamtazama yule mtu wa utafiti. "Na hii, mwanangu, huko nyuma tuliitupa. Tulidhani mti wake ni mgonjwa."

Yule mtu alitoa daftari, akachuchumaa mbele yake, akamwomba aseme tena taratibu: msitu upi, upande upi, miti mingapi. Mjomba alikuja kuuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Koko alimwashiria kwa jiwe lililokuwa mkononi asubiri. Alikuwa bado anahesabu.