Sifa za Risiti ya Mchango

Washairi wamesifu bahari, mwezi na wapenzi wao. Mimi, mweka hazina wa jumuiya ya Waswahili huku Texas, naisifu risiti ya mchango: karatasi ambayo mtoaji wa dola kumi huidai kabla simu yake haijapoa, na mtoa ahadi huidai bila kulipa chochote.

Ina nembo. Ina tarehe. Haiombi nauli. Lakini fadhila yake kuu ni kwamba inafundisha ikhlasi. Sheria ya kodi ya Marekani inasema aliyelipa shirika la hisani dola 250 au zaidi kwa mara moja, akitaka kupunguziwa kodi, awe na maandishi yanayotamka kama alipewa kitu au huduma kwa mchango wake. Basi kila Januari naketi kuwathibitishia watu wazima, kwa sahihi yangu, kwamba hawakupata kitu. Mashehe wamehubiri nia safi karne na karne, wasiwahi kuitolea cheti! Na kama msikiti au kanisa halikumpa mtoaji ila baraka, risiti itaje kwamba alipata manufaa ya kidini yasiyoshikika, yasiyohitaji kutiwa bei. Thawabu imesamehewa.

Pilau haikusamehewa. Tukiandaa chakula cha harambee kwa tiketi ya dola 100, tumeshavuka dola 75, na sheria inataka tumwandikie kila mgeni thamani ya alichokula, ili aitoe kwenye sadaka yake. Kamati ikakesha kuithamini pilau. Mchele una bei, iliki ina bei, nyama ndiyo kabisa. Mmoja akasema sahani ni dola 15. Mpishi akasikia, akatununia. Tukapandisha hadi 30, na sadaka ya ukumbi mzima ikapungua kwa kadiri ya heshima ya mpishi. Likabaki suala la ukoko, ambao wengine huuona hasara na wengine huupigania. Tena kuna yule bwana aliyefungasha sahani tatu za kupeleka nyumbani: huyo, kwa hesabu ya serikali, karibu hakutoa sadaka, alifanya manunuzi.

Ningependa kumsifu pia ndugu yake risiti, fomu ya kodi 1099-K, inayotaja fedha ulizopokea kupitia majukwaa ya malipo, lakini ulimi unagoma. Mwenzetu alipofariki tulichangisha mtandaoni ili mwili usafirishwe Dar es Salaam, na fedha zikapitia jina langu. Mwaka uliofuata jukwaa likaniletea fomu hiyo, nakala kwa mamlaka ya mapato, kana kwamba nimefungua biashara ya majeneza. Mamlaka yenyewe inakubali kwamba zawadi iliyotolewa kwa ukarimu tu si pato. Ila uitaje kwenye ritani yako kwamba si pato, na kumbukumbu uzitunze miaka mitatu.

Kiwango cha kutumiwa fomu hiyo kilikuwa zaidi ya dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Mwaka 2021 Bunge la Marekani likakishusha hadi dola 600. Mamlaka ikaahirisha, ikaahirisha tena. Mwaka 2025 Bunge likarudisha kilekile cha zamani. Miaka minne ya kuwatia watu kiwewe, na mshahara wa wabunge haukuahirishwa hata mara moja.

Na serikali hiihii inayopima pilau kwa sahani inajua pia kufumba macho. Mwaka 2020 Wizara ya Fedha iliyaondolea mashirika ya kundi la 501(c)(4), ambayo yanaruhusiwa kutia mkono kwenye siasa, wajibu wa kuipelekea mamlaka majina ya wachangiaji wao wakubwa. Kiasi kinaandikwa, jina linaachwa. Tajiri anaweza kumwaga mamilioni huko ili sheria ielekee kwake, na hakuna kamati inayokesha kukadiria alipewa nini badala yake.