Dhamana ya Kitu cha Bure

Kushindwa na kipanya ni aibu inayowasha, maana shahidi yupo papo hapo: gurudumu limegonga mara moja tu, ukurasa umeruka aya nzima, na aliyeketi kando anangoja aonyeshwe ile sentensi. Unapandisha, inapita tena. Watazamaji husema mkono ndio mzito. Mkono hauna kosa. Kosa ni la walioficha mipangilio.

Gurudumu lenyewe halijui mstari wala ukurasa. Kwenye Windows, kila likigonga mara moja hupeleka namba 120, basi. Namba ilifanywa kubwa hivyo ili magurudumu laini zaidi yaweze kupeleka vipande vyake kidogo kidogo. Kwa kawaida Windows huitafsiri 120 kuwa mistari 3, kisha kivinjari nacho hutia chumvi yake. Ndani ya Firefox kuna kitu kiitwacho mousewheel.default.delta_multiplier_y, chenye thamani 100. Andika 50, mwendo unapungua nusu. Andika 200, unaongezeka maradufu. Andika -100, ukurasa unakwenda kinyumenyume, kwa alama ya kutoa tu! Aliyebuni hivyo ni fundi. Ila kukifikia lazima uandike about:config, na mlangoni kuna onyo. Miaka ya nyuma lilisema huenda unabatilisha dhamana. Dhamana ya programu inayotolewa bure.

Watetezi wanasema vitufe vingi humchanganya mtu wa kawaida. Hoja ina uzito, lakini Apple walipogeuza mwelekeo wa kuskroli kwenye Mac OS X Lion mwaka 2011, kisanduku cha kurudisha mtindo wa zamani walikiweka peupe, na hakuna aliyepotea njia (ingawa ukikigusa kwa ajili ya kipanya, padi ya kugusa nayo hugeuka). Halafu huyo mtu wa kawaida ni nani? Mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka ndiye anayehitaji mwendo wa pole kuliko wote, na ndiye huyo anayetakiwa kukariri jina lenye nukta mbili na mistari ya chini. Hapo mzaha unaisha. Huko ni kumfungia mtu mlango.

Gurudumu lina visa vingine pia: ramani inayokua kielekezi kikiwa juu yake, badala ya ukurasa kushuka, tuiache. Fomu ambayo gurudumu likigusa namba yake hugeuza 50,000 kuwa 49,999 kimyakimya, nayo tuiache.

Enyi watengeneza vivinjari, ukubwa wa herufi mmeuweka wazi. Wekeni na kasi ya gurudumu hapo hapo chini yake.