Mhadhara wa Mtaalamu Mkuu Kuhusu Bibi Mweupe wa Brandberg

Waheshimiwa mliohudhuria, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu kofia yangu na begi langu vimechukua viti viwili, karibuni. Aliyepangwa kunitambulisha alikuja na karatasi yenye mistari minne tu. Nikaona ni dharau, nikamwambia akae, nitajitambulisha mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa michoro ya kale ya miambani. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Vyuo vina tabia ya kumuuliza mtu maswali kabla ya kumpa cheo, na mimi si mtu wa kuulizwa.

Mada yetu leo ni namna ya kuliendea Korongo la Tsisab, katika mlima wa Brandberg, nchini Namibia. Mlima huo umesimama peke yake katikati ya jangwa, mawe matupu ya rangi ya kutu, na kilele chake, Königstein, kina urefu wa mita 2,573. Hakuna kilele kirefu zaidi katika nchi hiyo. Wenyeji Wadamara wanauita Dâureb. Nimewashauri wabadilishe wapate jina rahisi kuandika, wanalifikiria.

Kanuni ya kwanza ya safari ni saa. Waongozaji wa pale, ambao ni vijana wa Kidamara, watakusihi uondoke alfajiri, eti jua la mchana linaua. Kwa sheria za mahali pale huruhusiwi kuingia korongoni bila mmoja wao, nami nilipangiwa binti mmoja mwenye kofia ya kitambaa na maneno machache. Nikamweleza kwamba mtaalamu huondoka saa sita mchana, jua likiwa utosini, ili mwanga uanguke wima. Alinitazama miguuni, nilikovaa makubazi, kisha akaenda kuongeza chupa ya maji.

Njia yenyewe ni mwendo wa saa moja hivi kwa mtu wa kawaida. Unafuata mkondo wa mto usio na maji, unapita baina ya mawe makubwa kama vibanda vya soko, unapanda, unashuka, unapanda tena. Pimbi wanakukodolea macho kutoka juu ya majabali. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi, kwa sababu nilikuwa nikichunguza vivuli. Kila penye kivuli nilikaa kukichunguza. Kuna kimoja nilikichunguza nikiwa nimelala chali, macho nimeyafumba, na yule binti akawa ananipepea kwa kofia yake, bila shaka kwa heshima. Baadaye alinipa chupa yake ya maji. Niliipokea ili asijisikie vibaya.

Hatimaye tukafika. Msitarajie pango lenye giza. Ni jabali lililoinamia mbele, na chini yake ukuta wenye watu na wanyama wengi waliochorwa kwa rangi nyekundu, nyeusi, kahawia na nyeupe: choroa wanakwenda, watu wanakwenda, na katikati ya msafara ndipo alipo yeye, Bibi Mweupe. Kimo chake ni sentimita 40 hivi, si zaidi ya mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Anapiga hatua ndefu. Mkono mmoja umeshika upinde na mshale, mwingine umeinua kitu kama kikombe, au ua, au yai la mbuni, wasomi wanagombana. Toka kiunoni kwenda chini amepakwa weupe. Michoro hiyo inakadiriwa kuwa na miaka 2,000 au zaidi.

Sasa tulieni, maana hapa ndipo elimu inapoanza. Mwaka 1918 mpimaji Mjerumani, Reinhard Maack, alipokuwa akishuka kutoka kileleni, aliuona mchoro huu na kuunakili. Nakala ikazunguka hadi ikamfikia Padre Henri Breuil wa Ufaransa, bingwa wa mabingwa, yuleyule aliyeitwa Lascaux mwaka 1940 kuhakiki michoro ya pangoni. Breuil akaitazama nakala na hapohapo akajua: huyu ni mwanamke, tena mweupe, tena ametoka pande za Krete! Oneni kipaji. Korongo lenyewe alikuwa hajalikanyaga. Alilikanyaga mwaka 1947, na jangwa halikumbadilisha kitu. Alishuka na jibu lilelile alilopanda nalo. Mwaka 1955 akalichapisha katika kitabu kizima. Huyu ndiye mwalimu wangu. Sikuwahi kukutana naye, lakini njia yake ndiyo yangu: jibu kwanza, safari baadaye.

Yule binti, kwa unyasi alioushika, akaanza kunionyesha kitu kimoja kimoja bila kugusa ukuta. Akasema huyo ni mwanamume. Hana matiti, ameshika upinde wa kuwindia, na weupe ule ni rangi ya kujipaka mwilini, huenda ni mganga katika ngoma. Akaongeza kwamba waliochora ni wahenga wa Wasan, wawindaji wa nchi hiyohiyo, na kwamba wasomi wengi siku hizi wanasema vivyo hivyo. Nikamuuliza swali moja tu: umewahi kufika Krete? Akasema hapana. Nikafunga mjadala. Mimi pia sijawahi kufika, lakini yeye hakuuliza.

Niligusie jambo la maji, kwa kuwa linaniuma. Wageni wa zamani walikuwa wakiumwagia mchoro maji ili rangi zing'ae kwenye picha. Matokeo yake rangi zimefifia sana, na leo kuna kizuizi cha chuma mbele ya ukuta. Binafsi naona tuliokuja baadaye tumeonewa. Nilipofungua kizibo cha chupa ili nijaribu kidogo tu, kwa ajili ya sayansi, yule binti alisogea taratibu akasimama kati yangu na ukuta, akanyoosha mkono, akaomba chupa yake. Sheria ni sheria. Nikapiga picha zenye ukungu.

Wapo watakaowatajia Harald Pager. Huyo alianza kazi Brandberg mwaka 1977 akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1985, akipanda mlima na wasaidizi wake wa Kinamibia, akinakili mchoro mmoja baada ya mwingine, zaidi ya michoro 40,000. Arobaini elfu! Na katika yote hiyo hakupata muda wa kusimama mbele ya mmoja akatangaza jambo kubwa. Mimi nilikaa pale chini ya dakika kumi na nimetoka na nadharia tatu.

Naona mkono umeinuliwa. Ndiyo, mama. Unauliza kwa nini nisiwapeleke Kolo, kule Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na nauli ya basi kutoka Dodoma ni ya mtu yeyote. Swali hilo linajijibu. Mahali panapofikika kwa basi hapampi mtaalamu heshima. Isitoshe, kwenye mwamba wa Mongomi wa Kolo wazee bado wanafika kutambika, na ukianza kuueleza mwamba wao wanakusikiliza mpaka mwisho, kisha wanakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mazingira ya namna hiyo hayafai kwa utafiti.

Muda umekwisha, na maswali mengine sitayapokea. Wanaotaka kuandamana nami safari ijayo watalipa ada mapema, na ada hairudishwi hata kwa atakayezimia. Tutaondoka saa sita mchana kama kawaida. Mwongozaji wa Kidamara atakuwepo kwa sababu sheria inatulazimisha. Mpeni bahasha yake vizuri, mwacheni awanyweshe wanaozidiwa yeye mwenyewe, na nawasihi sana, msimwulize chochote.