Bahasha Iliyokwenda Isinya

Baba alitangaza tukiwa mezani kwamba mdogo wangu angekwenda Kajiado mjini siku ya kuchagua makurutu wa KDF. Karo ya chuo ilikuwa imetushinda, na mshahara wa jeshi hauchelewi. Kijana alikuwa na umri, kimo na alama. Ila hakutaka kushika bunduki, na aliyejua hilo ni Mama peke yake.

Kenya haimlazimishi mtu kuwa askari, na Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri. Lakini Katiba haiketi mezani kwetu Kitengela, na kwa mtoto aliyelelewa kwa adabu, amri ya baba ni nzito kuliko ya afande.

Bila vyeti halisi, kurutu hurudishwa langoni. Basi Mama akatia cheti cha KCSE, cha kuzaliwa na kitambulisho katika bahasha ya kaki, akaizika ndani ya ndoo ya unga. Siku moja kabla ya usajili, Mama akiwa sokoni, Shangazi akapita kutusalimu. Baba hamwachi dada yake aondoke mikono mitupu: akambebesha ndoo nzima, akampakia matatu ya Isinya.

Jioni Mama aliiona sakafu tupu pale ndoo ilipokaa, akaishiwa nguvu. Simu ya Shangazi haikupatikana. Baba naye alikuwa amepindua kabati na magodoro akitafuta vyeti. Alipovaa koti aende polisi kuandikisha kwamba vimepotea, kijana akasimama mlangoni.

“Baba, havijapotea. Mimi siwezi kujifunza kuua mtu. Nisamehe, lakini siendi.”

Baba akainua sauti. Koko, yaani bibi yetu mzaa baba, akamkatiza. Babake Koko alikuwa morani wa Narok mwaka 1918, Waingereza walipotaka kuwaingiza vijana wa Kimaasai kwa nguvu kwenye KAR, jeshi lao la kikoloni. Walikataa, na huko Ololulung'a askari wakawafyatulia risasi.

“Hao utawaita waoga?” Koko akauliza. “Mtoto amekwambia ukweli usoni. Msikilize.”

Nampenda Baba kwa alichofanya baadaye: alivua koti, akamwambia kijana aketi, akamuuliza anataka kusomea nini. Uuguzi, akajibu. Waliongea mpaka usiku wa manane.

Usajili ulipoanza asubuhi, Baba alikuwa Isinya, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, akijadiliana na Shangazi ng'ombe yupi auzwe kwa ajili ya karo.